Kungoja Lori la Maji Siku za Mvua

Kolwezi, Jumapili asubuhi

Kwako Yaya Riziki, dada yangu mkubwa uliyenilea baada ya mama,

Salaam za Mungu zikufikie hapo Kasongo, na zikukute umekaa kivulini, si ukipasua kuni kama nilivyosikia. Mgongo unaendeleaje? Na lile jicho lililokuwa linatoa machozi, je, ulipata dawa au bado unalipaka yale majani yako? Nijibu kwa kirefu, usiniambie tu kwamba ni uzee. Sisi huku tuko wazima. Baba Amisi alirudi juzi kutoka mpakani Kasumbalesa, siku sita amelala ndani ya lori akingoja foleni isogee. Sasa anakula, anakoroma, na akiamka anasema hakuwa amelala.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Mtandao wa kwenu unakatika, lakini si hilo tu. Kwenye simu mimi huwa nadanganya. Unaniuliza hali, najibu upesi upesi kwamba niko mzuri, tunacheka kidogo, salio linakwisha. Karatasi ni ngumu kuidanganya. Nikiandika uongo nauona umekaa pale unanitazama.

Shemeji Saidi, anayekuletea barua hii, ndiye aliyekupelekea na ile habari ya mwaka jana, kwamba Feza siku hizi anaswali juu ya kiti. Sikumtuma, lakini Saidi na mdomo wake unawajua. Uliponipigia ukaniuliza kama ni kweli, nikasema ndiyo, magoti. Kisha ukasema, "Basi, Mungu anajua." Ungenigombeza ingekuwa nafuu. Wewe ndiye uliyetufundisha kuswali, unatukandamiza migongo kwa kiganja mpaka paji la uso liguse chini, na ukimwona mtu anainuka haraka kama kuku anayedonoa, unamrudisha. Usiku ule nililia, na sikumwambia mtu.

Nililia kwa sababu nilijua jambo ambalo wewe hukulijua. Kiti ni ruhusa ya mgonjwa, sikatai. Lakini ugonjwa wenyewe niliutengeneza kwa mikono yangu. Tangu nianze kuuza vitenge hapa sokoni, ninakaa kwenye kigoda kuanzia asubuhi mpaka jua linageuka. Ninakunywa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na maandazi. Jioni napanda pikipiki kurudi nyumbani, umbali ambao sisi zamani tulikuwa tunautembea kwenda kuomba chumvi. Nilinenepa, watu wakanisifu kwamba biashara inaenda. Kisha goti la kushoto likaanza, la kulia likaona wivu. Ramadhani mbili zimepita nikiwa nimekaa nyuma ya wanawake wenzangu kama mgeni wa harusi, wao wanashuka, mimi natikisa kichwa.

Mwezi wa tano nilikwenda dispansari. Muuguzi wa pale ni mwanaume mfupi asiyejua kubembeleza. Alinipima, akaangalia karatasi, akasema, "Mama, haya magoti haina ugonjwa ingine. Iko inabeba muzigo. Na sukari yako inaanza kupanda. Ukiendelea kuikala vile, kisha myaka mbili, batu njo batakuwa banakuikalisha mu kiti."

Yaani baada ya miaka miwili watu ndio watakaokuwa wananikalisha kitini. Nikamuuliza kama nitaweza kusujudu tena. Yeye ni Mkristo, hakuelewa neno, basi nikamwonyesha kwa mkono, kiganja kinashuka mpaka mezani. Akafikiri. "Ile? Ile iko juu yako, mama. Dawa yangu haifike kule."

Nilitoka pale nimeweka nia. Kabla ya Ramadhani inayokuja, paji langu la uso liguse mkeka. Sikuomba kukonda wala kurudi msichana. Hilo moja tu.

Sasa, Yaya, kutembea Kolwezi si kama kutembea kwenu. Kiangazi malori ya madini yanapita usiku na mchana, na vumbi lake ni jekundu, linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Ukitembea kwa saa mbili barabarani unarudi na mapafu mawili ya udongo. Aliyenipa siri ni jirani yangu Mama Kapinga, mwanamke wa Kasai, mjane, ambaye kila alfajiri alikuwa anakwenda kwenye maombi ya kanisa lao. Kuna lori la maji linalopita mapema kulowesha barabara ya mgodini, kabla ya mabasi ya wafanyakazi. "Mama Amisi," aliniambia, "utembee nyuma ya kamyo ya maji. Mavumbi inalala. Ukichelewa kidogo tu, bisi zinapita, unakula udongo."

Basi ndivyo tulivyofanya. Naswali alfajiri yangu kwenye kiti, nasikia lile lori likiguna kwenye kona, natoka. Mama Kapinga ananisubiri amejifunga kitambaa kichwani, baridi ya mwezi wa sita inauma masikio. Mbele yetu barabara imelowa, inanuka kama mvua ya kwanza. Yeye anaimba nyimbo zake kwa sauti ya chini, mimi nahesabu tasbihi kwenye vidole, na hakuna aliyemuuliza mwenzake swali. Mwanzo nilifika kwenye mnara wa simu nikataka kurudi kwa pikipiki. Mwezi wa nane tulikuwa tunakwenda mpaka soko dogo na kurudi.

Na nyumbani nilikuwa na zoezi lingine, usinicheke. Mzigo wangu wa vitenge unakaa sebuleni. Nilipanga vipande ishirini na vinne kimoja juu ya kingine, vimekunjwa, pembeni ya meza. Kila jioni nikishika mguu wa meza nashuka kwa magoti, nainama mpaka paji la uso liguse kitenge cha juu, nakaa kidogo, nainuka. Kila Ijumaa naondoa kipande kimoja. Mke wa sheikh anayetusomesha alinionya kwamba ndani ya swala nisiweke kitu cha juu cha kusujudia, niiname kadiri ninavyoweza, na nimemtii. Hili lilikuwa zoezi tu, nje ya swala. Kuna Ijumaa ambazo sikuondoa kitu. Moja nilirudisha viwili. Lakini mwezi wa tisa ulipofika vilikuwa vimebaki kumi na vinne, na nilianza kujivuna. Nilimwambia hata mwenye duka la jirani, ambaye hakuniuliza.

Kisha binti yake Mama Kapinga akajifungua mapacha kule Fungurume, naye akahama kwenda kumsaidia. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Mi naenda kulela batoto. We usilale." Nikamwambia siwezi kulala, lori bado liko.

Mvua zikaanza.

Yaya, hapa ndipo penye aibu yangu, na nimeandika kurasa zote hizi ili nifike hapa. Asubuhi moja nimeswali, nimejilaza kitandani na nguo zangu zote za kutembea, nangoja. Mvua inapiga bati mpaka huwezi kusikia mtu akiongea. Baba Amisi alikuwa nyumbani siku hiyo. Akaniuliza, "Juu ya nini hauamuke? Leo hautembee?"

"Niko nangoja kamyo ya maji ipite."

Akanyanyua macho kuangalia bati. Akaniangalia mimi. "Mungu anamwanga maji ye mwenyewe toka saa tisa, na we unangoja kamyo?"

Alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka, maana kweli ilikuwa ya kuchekesha. Lakini alipotoka kwenda kuangalia matairi yake, kicheko kiliniisha. Barabara ilikuwa haina vumbi hata chembe, nami nilikuwa nimelala. Kumbe miezi yote ile sikuwa na nia, nilikuwa na lori. Nilikuwa na lori na Mama Kapinga. Vilipoondoka vyote viwili nilibaki mimi, na mimi nilikuwa nataka kulala.

Ungedhani baada ya kuligundua hilo niliruka kitandani. Sikuruka. Nililala wiki tatu. Na swala ya alfajiri nayo ikafuata, kwa sababu nilikuwa nimezifunga pamoja kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Nilikuwa naamka jua limeshatoka, naswali upesi, na siku mbili, Mungu anisamehe, niliswali nimekaa kitandani mguu mmoja bado ndani ya blanketi. Sikuwa mgonjwa. Magoti yakakakamaa tena. Ijumaa ya tatu nilijaribu kushuka, nikashindwa kufika, nikaanza kurudisha vitenge. Kimoja. Viwili. Nikasimama kwenye kumi na nane. Nilikaa pale sakafuni nikaona nimejichosha bure, na Ramadhani inakuja bila kuniuliza.

Nilitafuta wa kunisukuma. Nilimwomba Baba Amisi aniamshe, akaniamsha siku mbili kisha akapakia shaba akaondoka. Simu inalia, mkono wangu unaizima kabla akili haijafika. Nikamwomba Salima, mke wa Amisi, lakini ana mtoto mchanga, akilala ni kama amezikwa. Nilikasirika na wote. Siku moja nikiwa katikati ya kuwalaumu ndipo nikakumbuka kwamba magoti ni ya nani.

Basi nikajiwekea sheria ndogo, ndogo mpaka nikaona haya. Nikitoa salamu ya alfajiri, sirudi chumbani kabla sijavaa mabuti ya mpira. Sikujiambia nitembee. Nijivike mabuti tu, kisha nikitaka kulala, nilale. Lakini, Yaya, mtu mzima aliyesimama sebuleni peke yake amevaa mabuti ya mvua anajiona mjinga sana. Ni afadhali atoke. Siku ya kwanza nilifika getini. Nikarudi, nikavua, nikalala, na sikujilaumu. Siku ya pili nilifika kwenye kona. Siku ya tatu mvua kubwa, nikazunguka meza na mabuti yangu, Salima akatokeza kichwa mlangoni, akaniona, akarudi ndani polepole.

Mabuti yale yamenipa jina. Njia yangu inapakana na mtaa wa Kasulo, na asubuhi wachimbaji wanarudi kutoka kwenye mashimo ya madini, ambayo wao huyaita visima, wamejaa tope mpaka kope. Siku moja mmoja akawaambia wenzake, "Muangalie, hata mama anashuka mu kisima sasa!" Mwingine akaniuliza nachimba nini, shaba au kobalti. Nikajipiga kiunoni nikamwambia, "Mi nachimba haya mafuta. Na bei yake haishuke." Walicheka vizuri. Tangu siku hiyo wananiita Mama Kisima, na nikipita wananiuliza kama nimefika kwenye mawe.

Si kila siku nilikwenda. Mtoto wa Salima alipata homa, nikakosa siku nne. Wiki nyingine nilikwenda mara mbili tu. Tofauti ni kwamba zamani nikikosa siku moja nilikuwa naona nimeshaharibu yote, basi nalala na ya pili na ya tatu ili iharibike vizuri. Sasa nikikosa, kesho yake navaa mabuti. Mama Kapinga alinipigia kutoka Fungurume, wanasikika mapacha wakilia nyuma yake, akaniuliza, "Bado unatembea?" Nikasema ndiyo, na kwa mara ya kwanza kwenye simu nilikuwa nasema kweli.

Vitenge vikarudi kushuka. Mwezi wa kwanza ulipoanza vilikuwa tisa. Hapo nikakwama. Kila jioni nikifika pale kwenye tisa najiambia basi, goti la kushoto halikubali nane. Wiki mbili nzima.

Alhamisi moja nilikwenda dispansari, nikarudi magharibi inakaribia, umeme umekatika. Nikasema nifanye zoezi langu kabla ya adhana. Nikashika mguu wa meza, nikapiga magoti, nikainama. Paji langu la uso likangoja kitenge pale linapokizoea, halikukipata. Nikaendelea kwenda. Nikaendelea. Nilidhani nimezimia, wallahi. Ndipo nikagusa kitambaa, chini kabisa, na pua yangu karibu na sakafu. Nikapapasa kwa mkono. Vilikuwa vinne.

Nikaita, "Salima! Nani aligusa bitenge byangu?"

Akaja na mtoto begani. "Bamama ba arusi, mama. Balitaka bitano bya rangi moja, nikabatolea pale. Nilizani ile ni ya kuuzisha."

"Ni ya kuuza."

"Sasa unalilia nini?"

Nilikuwa nacheka na kulia, bado nimeinama. Ile nane niliyoikataa wiki mbili, sikuwa nimeijaribu hata mara moja. Magoti yalikuwa yameshashuka zamani, mimi ndiye niliyebaki juu nikiogopa.

Baada ya hapo nilitaka kukimbia, nikaondoa viwili kwa siku moja, goti likavimba, muuguzi akanifokea mbele ya watu. Nikapumzika siku mbili, nikarudi taratibu. Lakini karatasi ya sukari aliisoma mara mbili, kisha akaiweka mezani akaigeuza upande wangu ili niione mwenyewe. Imeshuka, Yaya. Bado haijafika pake, lakini imeshuka.

Na sasa ya leo, iliyonifanya nichukue kalamu kabla hata ya kunywa chai.

Alfajiri mvua ilikuwa kubwa, Baba Amisi hakuenda msikitini. Akatandika mkeka wake mbele, mimi nyuma yake na kiti changu, akaniswalisha. Unajua anavyoswali, kama dereva aliyeona kizuizi kimeinuliwa. Rakaa ya kwanza niliimaliza kwenye kiti. Ya pili, aliposema Allahu akbar akashuka, nilijikuta nimekisukuma kiti kando. Nisikudanganye kwamba ni ushujaa mtupu. Nusu ya akili yangu ilishapiga hesabu kwamba rakaa ya pili ya alfajiri haina kusimama tena baada yake. Nikaweka mikono, nikaweka goti la kulia, nikaweka la kushoto, nikainama, na mkeka ukanipokea.

Nilikuwa nimesahau harufu yake. Sabuni, ukindu na vumbi kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba pale chini husikii mvua kama unavyoisikia juu. Maneno yote uliyonifundisha yalinitoka. Nilisema tu asante, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, sijui mara ngapi. Na nilipomaliza nikashangaa kwamba imamu wangu mwenye haraka bado hajainuka. Alikaa chini, akakaa, mpaka nikaacha kulia.

Baada ya salamu hakugeuka. Alichukua tasbihi yake, akavuta kidogo, akasema, "Nilisikia kiti inasogea. Nikasema, tusimuharakishe."

Nimeolewa naye miaka yote hii, Yaya, sikujua kwamba anasikiliza.

Kuinuka sikuweza. Alinivuta kwa mikono yote miwili, na goti likapiga kelele. Usije ukamwambia mtu kwamba Feza amepona. Nisalimie shemeji mkubwa, mume wako, umwambie nimesikia kuhusu ng'ombe wake na nampa pole. Nisalimie shangazi yetu mkunga, na mwalimu wa madrasa, na yule mama mkwe wa Saidi aliyenitabiria kwamba nitanenepa. Watoto wako wote nawabusu, hasa yule kitinda mimba anayejifunza kushona. Salima anakusalimu, na mjukuu wako ameota jino moja, anatuuma nalo wote.

Baba Amisi anapakia leo mchana, usiku atakuwa njiani. Kwa hiyo kesho alfajiri hakuna atakayeniswalisha, wala atakayenivuta nikishindwa kuinuka. Sijui kama nitashuka. Lakini kile kiti nimempa Salima akae akimnyonyesha mtoto, na nimekipeleka mimi mwenyewe chumbani kwake, kwa miguu yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Feza, Mama Amisi